Pengo Lisilojazwa na Mchezaji Mmoja: Uhakiki Linganishi wa Matoleo ya Pokémon ya Eneo la Kanto, 1996–2018

Ikisiri

Makala hii inalinganisha matoleo ya mchezo wa Pokémon yanayosimulia safari moja katika eneo la kubuni liitwalo Kanto: Red na Green (1996), Blue (1996), Yellow (1998), FireRed na LeafGreen (2004), na hatimaye Let's Go, Pikachu! pamoja na Let's Go, Eevee! (2018). Ulinganishi wa matoleo haya umezoeleka kuishia kwenye swali la toleo lipi ni bora kwa picha, kasi au urahisi. Makala inadai kwamba swali hilo linaacha kiini cha kazi nje ya uhakiki. Kila toleo limeundwa likiwa na pengo, na thamani ya toleo inapaswa kupimwa kwa aina ya uhusiano ambao pengo hilo linamtaka mchezaji aujenge na mtu mwingine. Kwa kutumia dhana ya mapengo kutoka katika nadharia ya upokezi, makala inaonesha kwamba matoleo ya mwanzo yalidai kubadilishana na kuaminiana, ilhali matoleo yaliyofuata yalipunguza dai hilo hatua kwa hatua, hata pale yalipokuwa bora zaidi kiufundi.

1.0 Utangulizi

Tarehe 27 Februari 1996, kampuni ya Nintendo ilitoa nchini Japani kaseti mbili za mchezo mmoja kwa ajili ya kifaa cha mkononi cha Game Boy. Moja iliitwa kwa jina la rangi nyekundu, ya pili kwa rangi ya kijani. Mchezo ulikuwa umebuniwa na Satoshi Tajiri na wenzake wa Game Freak, kampuni iliyoanza kama jarida la wapenzi wa michezo ya video mwaka 1983. Katika mchezo huo, mchezaji huchukua nafasi ya mtoto anayeondoka nyumbani, akapewa kiumbe mmoja na Profesa Oak, kisha akazunguka nchi akiwakamata viumbe wengine, kuwalea na kuwapambanisha. Kazi anayokabidhiwa ni kujaza Pokédex, yaani kamusi elezo ya viumbe wote wa nchi hiyo.

Anayeziona kaseti hizo mbili kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba ni hadithi mbili. Sivyo. Miji ni ileile, wahusika ni walewale, maneno ni yaleyale. Kinachotofautiana hasa ni viumbe wanaopatikana porini. Swali linalojitokeza ni hili: kwa nini kazi moja itolewe katika nakala mbili, kila moja ikiwa imeondolewa kitu ambacho nyenzake inacho?

Jibu jepesi ni biashara, nalo tutalipima. Hata hivyo, jibu hilo pekee halielezi umbo la upungufu wenyewe. Makala hii inauchunguza upungufu huo kwa karibu, kisha inafuatilia kilichoupata katika matoleo yaliyokuja baadaye.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Wolfgang Iser, mmoja wa waasisi wa nadharia ya upokezi, anaiona matini ya fasihi kuwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa fikra zake wakati wa kusoma. Pengo kwa Iser si kasoro, bali ni mlango ambao msomaji huingilia na kushiriki katika kuunda maana. Dhana hii imetumika sana katika uhakiki wa riwaya na tamthilia. Inapohamishiwa katika mchezo wa Pokémon, hata hivyo, inakumbana na hali mpya: lipo pengo ambalo msomaji hawezi kulijaza kwa fikra, juhudi wala ustadi wake. Linajazwa na msomaji mwingine tu, mwenye nakala tofauti na yake.

Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kazi yenye matoleo mengi. Ngano moja husimuliwa kwa namna mbalimbali kulingana na fanani, hadhira na wakati. Hata hivyo, tofauti hizo huzaliwa katika utendaji wenyewe, na kila toleo hujitosheleza mbele ya hadhira yake. Tofauti za Pokémon zimepangwa kabla ya mchezaji wa kwanza kuigusa kaseti, na zimepangwa ili toleo lisijitosheleze. Kwa sababu hiyo, makala haitafuti toleo asilia ambalo mengine yamechepuka kutoka kwake. Inatafuta kile kinachotokea baina ya matoleo.

3.0 Upungufu Uliopangwa: Red, Green na Blue

3.1 Jina moja, matini mbili

Kabla ya kulinganisha, ni muhimu kubainisha matini zenyewe, kwani majina yake yanaweza kupotosha. Mnamo Oktoba 1996, toleo la tatu, Blue, lilitolewa Japani kwa njia ya posta kupitia jarida la watoto la CoroCoro Comic. Lilikuwa na picha za viumbe zilizochorwa upya na programu iliyoboreshwa. Mchezo ulipovuka kwenda Marekani mnamo Septemba 1998, uliuzwa kwa majina Red na Blue. Matoleo hayo ya kimataifa yalijengwa juu ya programu na picha za Blue ya Kijapani, huku mgawanyo wa viumbe ukifuata Red na Green za mwanzo. Kwa hiyo, Red aliyoicheza mtoto wa Tokyo na Red aliyoicheza mtoto wa Chicago si matini moja, ingawa zina jina moja. Uchambuzi wa sehemu hii unategemea matoleo ya kimataifa.

Kuvuka huko kulibadili pia majina ya wahusika. Katika toleo la Kijapani, miongoni mwa majina yanayopendekezwa kwa mhusika mkuu ni Satoshi, na kwa mpinzani wake ni Shigeru. Ni vigumu kutoona humo jina la Tajiri mwenyewe na la Shigeru Miyamoto, mbunifu mkongwe wa Nintendo. Katika toleo la Kiingereza majina hayo yamekuwa Ash na Gary, na fumbo limepotea. Fumbo jingine limebaki. Katika Red, jina la kwanza linalopendekezwa kwa mpinzani ni Blue. Katika Blue, ni Red. Mshindani aliye ndani ya hadithi anabeba jina la kaseti iliyo mkononi mwa jirani. Simulizi inamtaja mwenye toleo jingine kabla mchezaji hajatoka kijijini kwake.

3.2 Hesabu ya pengo

Mchezo una viumbe 151. Mmoja, Mew, hapatikani kwa njia ya kawaida, na haihitajiki kumpata ili kutunukiwa cheti cha kukamilisha kamusi. Wanabaki 150. Mchezaji wa Red anayecheza peke yake, kwa safari moja, hawezi kuvuka 124. Inafaa kuona jinsi wale 26 wanavyokosekana, kwa kuwa hawakosekani kwa sababu moja.

Kundi la kwanza ni la viumbe 11 wasiopatikana kabisa katika toleo husika. Red inao Ekans, Oddish, Mankey, Growlithe, Scyther na Electabuzz, pamoja na wale wanaotokana na baadhi yao. Blue inao Sandshrew, Vulpix, Meowth, Bellsprout, Pinsir na Magmar, kwa utaratibu uleule. Pengo hili ni la bidhaa: mimi ninacho usichonacho, nawe unacho nisichonacho. Linazibwa kwa kubadilishana, na pande zote mbili hutoka zikiwa zimefaidika.

Kundi la pili ni la viumbe 11 wanaopotea kwa sababu ya uchaguzi. Mwanzoni, mchezaji huchagua mmoja kati ya Bulbasaur, Charmander na Squirtle, na koo mbili zilizobaki, zenye viumbe sita, humpita moja kwa moja. Baadaye huchagua kisukuku kimoja kati ya viwili, na mpiganaji mmoja kati ya Hitmonlee na Hitmonchan. Hupewa pia Eevee mmoja tu, anayeweza kugeuka kuwa mmojawapo wa viumbe watatu.

Kundi la tatu ni dogo zaidi kwa idadi na zito zaidi kwa maana. Viumbe wanne, Alakazam, Machamp, Golem na Gengar, hawazaliwi porini wala hawapatikani kwa mafunzo. Kila mmoja hutokea pale tu kiumbe aliyemtangulia anapopita katika waya unaounganisha vifaa viwili. Haunter hutoka kwa mwenyewe, na anapofika upande wa pili hugeuka Gengar akiwa mikononi mwa mtu mwingine.

3.3 Pengo kama amana

Kundi hili la tatu linastahili kutazamwa kwa makini. Mchezaji anayetaka Gengar lazima kwanza ampoteze Haunter wake. Kilele cha ukuaji wa kiumbe aliyemlea kwa saa nyingi kinatokea kwa mwenzake, na hakuna sheria yoyote ndani ya programu inayomlazimisha mwenzake huyo kumrudisha. Mchezo unaosimamia kila kitu kwa hesabu kali, kuanzia nguvu za pigo hadi bei ya dawa dukani, hapa unanyamaza. Unawaachia watoto wawili walioketi kwenye ncha mbili za waya waamue wenyewe.

Kiswahili kina neno linalofaa kwa tendo hili, nalo ni amana. Kinachopita katika waya si bidhaa ya kubadilishana, kwa maana anayemkabidhi mwenziwe Haunter anakusudia kurudishiwa. Jambo hili linaimarishwa na kanuni nyingine ya mchezo: Pokédex humhesabu kiumbe aliyewahi kumilikiwa hata baada ya kuondoka. Hivyo, mtu anaweza kumwazima mwenziwe kiumbe kwa dakika chache, kamusi ikaandika, kisha kiumbe akarudi kwao. Kamusi iliyojaa, kwa hiyo, si orodha ya mali. Ni kumbukumbu ya watu waliomwamini mwenye kamusi.

Tajiri ameeleza kwamba aliivutiwa na waya wa Game Boy kwa kuwaza wadudu wakitambaa kutoka kifaa kimoja hadi kingine, akikumbuka utoto wake wa kukusanya wadudu huko Machida, pembezoni mwa Tokyo. Maelezo hayo hunukuliwa mara nyingi kama kisa cha kupendeza. Kiuhakiki, yanaonesha kwamba muungano haukuwa nyongeza iliyobandikwa kwenye mchezo uliokwisha kukamilika. Viumbe wenyewe walibuniwa ili wasafiri.

3.4 Je, ni biashara tu?

Pingamizi lililo wazi ni kwamba matoleo mawili ni mbinu ya kuuza kazi moja mara mbili. Pingamizi hili lina ukweli. Yapo matumizi ambayo familia zililazimika kuyafanya, na mtoto asiye na jirani mwenye kifaa aliadhibiwa kwa upweke wake. Mhakiki hapaswi kulifumbia macho hilo kwa kuusifu ujamaa wa kebo.

Hata hivyo, kama lengo lingekuwa kuuza nakala mbili tu, pengo lingeundwa ili nakala mbili zilizibe. Hesabu inakataa. Tuchukulie mtu mwenye uwezo, anayenunua vifaa viwili na matoleo yote mawili, kisha anayacheza kila moja mara moja na kubadilishana na nafsi yake. Atapata koo mbili za viumbe wa kuanzia, si tatu. Atapata Eevee wawili, ilhali maumbo ni matatu. Viumbe wanne bado watamkosa. Na kwa kuwa kaseti moja huhifadhi safari moja tu, atalazimika kufuta safari aliyoisafiri na kuanza upya, au atafute mtu wa tatu.

Wawili, basi, hawatoshi. Muundo wa Red na Blue hauelekei jozi bali kikundi: darasa, mtaa, ndugu na marafiki zao. Fedha inaweza kulifupisha pengo, lakini haiwezi kulimaliza bila kumtoza mnunuzi safari yake mwenyewe. Hapa ndipo maelezo ya kibiashara yanapoishia na uhakiki wa umbo unapoanza.

4.0 Mwenzi Anahamia Ndani ya Skrini: Yellow

Toleo la Yellow lilitolewa Japani mnamo Septemba 1998, wakati katuni ya televisheni ilikuwa imekwisha kumfanya Pikachu kuwa sura ya kazi nzima. Mchezaji hapewi uchaguzi wa kiumbe wa kuanzia. Anapewa Pikachu, ambaye haingii katika mpira wake bali humfuata nyuma kila aendapo. Mchezaji anaweza kumgeukia wakati wowote aone uso wake: amefurahi, amenuna, au amelala. Sauti yake ni ya Ikue Otani, mwigizaji yuleyule wa katuni. Akipewa jiwe la kumgeuza kuwa Raichu, hukataa.

Wachambuzi wengi huliona toleo hili kuwa kilele cha kizazi cha kwanza, na zipo sababu. Uhusiano wa mchezaji na kiumbe wake unapata hisia ambazo Red haikuwa nazo. Lakini tukirudi kwenye hoja ya pengo, tunaona mhamo. Bulbasaur, Charmander na Squirtle wote watatu hutolewa njiani kwa mchezaji mmoja. Pengo lililokuwa likidai mtu wa tatu limezibwa na programu yenyewe. Mwenzi wa safari, ambaye katika Red alikuwa binadamu wa upande wa pili wa waya, sasa yuko ndani ya skrini na hahitaji kubishiwa hodi.

Mhamo huo si kamili, na ni haki kusema hivyo. Viumbe 13 hawapatikani katika Yellow, wakiwemo Ekans, Meowth na Koffing ambao katika katuni ni viumbe wa maadui. Raichu naye ni mmoja wao. Anayemtaka lazima amtafute kwa mwenye toleo jingine, au ampeleke Pikachu wake ng'ambo ya waya, ambako kukataa kwake kunakoma. Kwa namna hii, toleo linalomfunga mchezaji kwa kiumbe mmoja linaugeuza muungano na wengine kuwa tishio kwa kifungo hicho. Katika Red, waya humkuza kiumbe. Katika Yellow, ndio unaoweza kumtenganisha na mlezi wake.

5.0 Muungano kama Hadithi: FireRed na LeafGreen

Mwaka 2004, safari ya Kanto ilisimuliwa upya kwa kifaa cha Game Boy Advance. Kwa vigezo vya kiufundi, FireRed na LeafGreen zinazishinda zilizotangulia: rangi, maelekezo kwa wanaoanza, na visiwa vipya vya Sevii baada ya safari kuu. Matoleo haya yaliuzwa pamoja na kipachiko cha kuwasiliana bila waya, kilichowawezesha wachezaji kadhaa kukutana katika chumba kimoja cha mchezo.

Jambo la kuhakikiwa zaidi ni kwamba muungano umekuwa sehemu ya msuko. Katika visiwa hivyo yumo mtu aitwaye Celio, ambaye mashine yake haiwezi kuwasiliana na eneo la mbali la Hoenn mpaka iletewe vito viwili, rubi na yakuti. Mchezaji huvisaka, huvinyang'anya kwa wezi na kumpelekea. Ni baada ya hapo tu anapoweza kubadilishana viumbe na wenye matoleo ya Ruby, Sapphire na Emerald. Kile ambacho Red ilikiacha nje ya hadithi, FireRed imekipa wahusika, kikwazo na suluhu.

Mbinu hii ina gharama yake. Celio anaziba pengo kwa kazi ambayo mchezaji huifanya peke yake. Aidha, matoleo haya yanaruhusu viumbe kuzaliana, jambo lisilokuwapo mwaka 1996. Mwenye Eevee anaweza kupata vifaranga na kuwagawa bila yeye kupungukiwa. Ukarimu umekuwa rahisi, na kwa hiyo uzito wake umepungua. Mtoto wa 1996 aliyempa mwenziwe Eevee wake alimpa Eevee pekee ambaye angepewa katika safari ile. Amana ya Gengar, hata hivyo, imebaki kama ilivyokuwa, nayo ndiyo uzi unaoziunganisha FireRed na LeafGreen na asili yake.

6.0 Mshiriki Asiye na Safari: Let's Go

Matoleo ya mwaka 2018 yanairejea Yellow kwa kifaa cha Nintendo Switch. Bado ni mawili, na bado kuna viumbe wa upande mmoja: Oddish yuko kwa Pikachu, Bellsprout yuko kwa Eevee. Jipya ni kwamba mtu wa pili anaweza kuchukua kidhibiti cha pili, akakitikisa, na kujitokeza papo hapo kwenye skrini ileile ili kusaidia kukamata na kupigana. Mzazi na mtoto wanaweza kucheza wakiwa wameketi pamoja, bila kaseti ya pili wala kifaa cha pili.

Kwa mtazamo wa gharama, hili ni jibu la haki kwa pingamizi tulilolijadili. Lakini mshiriki huyo wa pili hana safari yake. Hana kamusi, hana kiumbe aliyemchagua, hana kitu ambacho mwenziwe anakikosa. Anaondoka bila kuacha pengo, kwa kuwa hakuja na chochote cha kulijaza. Waya wa 1996 ulikutanisha watu wawili waliotoka mbali kwa njia tofauti. Kidhibiti cha 2018 kinampa mtu mmoja msaidizi.

Mwelekeo huu umefika mbali zaidi katika Legends: Arceus ya mwaka 2022, ingawa mchezo huo hausimulii Kanto. Ulitolewa kwa toleo moja tu, na ndani yake kuna kifaa kiitwacho Linking Cord, ambacho humgeuza Haunter kuwa Gengar papo hapo, bila mtu wa pili. Waya wenyewe umekuwa bidhaa ya mfukoni. Mchezaji mpweke ameondolewa adhabu yake, na hilo ni jema. Kilichoondoka pamoja na adhabu ni ile dakika ya kumkabidhi mwenzako kiumbe na kungoja kuona kama atamrudisha.

7.0 Hitimisho

Ulinganishi huu umeonesha kwamba matoleo ya Kanto hayatofautiani kwa ubora wa picha na wingi wa viumbe tu, bali kwa kile yanachomtaka mchezaji akaombe kwa wengine. Red, Green na Blue zinamtaka aombe bidhaa, aombe uchaguzi ambao hakuufanya, na aombe kuaminiwa. Yellow inampa mwenzi wa ndani. FireRed na LeafGreen zinausimulia muungano na kuurahisisha. Let's Go inamleta mtu wa pili karibu na kumnyima safari. Kwa kigezo hiki, matoleo ya mwanzo, yenye picha dhaifu kuliko yote, ndiyo yenye umbo lililofikiriwa kwa kina zaidi.

Hitimisho hili lina matokeo kwa suala la kuhifadhi kazi za aina hii. Mnamo Februari 2016, Red, Blue na Yellow zilitolewa tena kwa njia ya kidijitali kwa kifaa cha Nintendo 3DS, na mawasiliano yasiyo na waya yakachukua nafasi ya kebo. Duka lililoziuza lilifungwa kwa wanunuzi mnamo Machi 2023. Programu ya mchezo inaweza kunakiliwa na kuhifadhiwa kwa urahisi. Lakini anayehifadhi programu ya Red bila njia ya kuiunganisha na nyingine amehifadhi viumbe 124 wa safari moja, na ameiacha sehemu ambayo kwayo kazi hii ilibuniwa. Wahifadhi, na wahakiki wanaowategemea, wanapaswa kuuhesabu muungano kuwa sehemu ya matini, kama kurasa za kitabu zinavyohesabiwa, na kuulinda kwa kiwango kilekile.